Mashine Haifii Baharini, Hufia Bandani

(Hotuba iliyotolewa kwa wamiliki wa boti, manahodha na vijana wa mashine, Kilindoni, kisiwani Mafia, masika yalipokuwa yanaanza. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa safarini siku hiyo.)

Assalaam aleikum, wazee wangu. Assalaam aleikum, manahodha. Na nyinyi vijana mlioegemea ukuta kule nyuma, sogeeni, maana maneno ya leo ni yenu zaidi kuliko ya wazee. Akina mama, nawaona. Najua humu hamkosi wawili watatu ambao boti ni ya mtu mwingine lakini mashine, ile injini inayofungwa nyuma ya boti, ni yao, na kila jioni wanangoja fungu la mashine. Nyinyi sikilizeni vizuri, kwa sababu kitakacholala bandani tangu sasa mpaka kaskazi irudi ni fedha yenu.

Naanza na swali. Mashine zilizokufa hapa Kilindoni, zile mnazozijua kwa majina ya wenyewe, ngapi zilifia baharini? Sisemi kuzima. Kuzima ni jambo la kila siku: uchafu kwenye mafuta, plagi imelowa, unavuta kamba mara kumi unarudi nyumbani. Nasema kufa. Kufa kwa kuuzwa vipande.

Mnacheka, maana mnajua jibu. Mashine haifii baharini. Mashine hufia bandani. Inapanda pwani mwezi wa nne ikiwa nzima, imetoka kubeba wageni au kuvuta nyavu, inawaka kwa mvuto mmoja. Mwezi wa kumi inatolewa, haigeuki. Na mwenyewe anaapa: "Sikuigusa!" Ndiyo, mzee wangu. Hukuigusa. Ndiyo maana.

Msimu wetu mnaujua. Papa potwe wanaotuletea wageni hapa Kilindoni tunawaona zaidi kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili, wa tatu. Kisha masika, kisha kusi. Kusi likikaza, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, boti ya wageni haina kazi, na boti ndogo inayotoka upande wa mashariki wa kisiwa haina ubavu wa kwenda. Kwa hiyo tunapandisha. Kupandisha chombo tunakujua tangu zama za mababu. Nendeni kisiwa cha Jibondo mkawaone mafundi wa vyombo: chombo kikipanda kinachomwa kwa makuti ili wafe wadudu watoboao mbao, kinakalafatiwa kwa pamba ili nyufa zizibwe, kinapakwa sifa, yale mafuta ya papa, juu, na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, chini. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mbao zina adabu zake na tunazifuata.

Mashine tumeinunua, adabu zake hatukuzinunua. Na ukweli ni kwamba zilikuja ndani ya boksi. Kile kitabu kidogo kilichokuja na mashine kina sehemu nzima inayoeleza namna ya kuihifadhi. Shida yake, kimeandikwa kikiwafikiria watu wa nchi za baridi. Kinataja majira ya baridi, kinaonya kuhusu barafu. Wenzetu wa Marekani na Ulaya ya kaskazini wana sababu ya kuogopa, kwa sababu maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9, na maji yaliyobaki ndani ya chuma hayana pa kwenda. Yanapasua silinda, yanapasua gia boksi. Sasa mtu wa Kilindoni akisoma habari ya barafu anafunga kitabu. Barafu yetu ni ya kwenye kasha la samaki tu.

Lakini ndugu zangu, toeni barafu humo, mtaona kilichobaki kinatuhusu sisi kuliko wao. Wao wakimaliza msimu, wengi wanatoka kwenye maziwa na mito ya maji baridi. Sisi tunatoka kwenye chumvi. Wao hewa yao ya majira hayo ni kavu. Sisi tunaweka mashine bandani katika masika, nguo ikianikwa haikauki siku tatu. Nani basi mwenye haja zaidi ya ukurasa ule?

Nianze na chumvi, maana hapa nataka tukae kidogo.

Maji ya bahari yanapita ndani ya mashine kupoza silinda. Ukizima, yale yaliyobaki kwenye njia zake yanakauka, chumvi inabaki. Chumvi hiyo haikai kimya. Inavuta unyevu hewani, inalowa usiku, inakauka mchana, na kila ikilowa inakula aluminiamu. Unapoiweka miezi mitano, umeipa miezi mitano ya kula. Na inapomaliza kula inaziba, ile njia nyembamba ya maji inajaa ukoko mweupe mgumu. Mwezi wa kumi mashine inawaka vizuri, unafurahi, na baada ya nusu saa imechemka katikati ya maji na wageni ndani.

Kuosha, basi. Hapa kila mtu ataniambia, "Mbona mimi naosha!" Unaosha vipi? Wengi wetu tunaosha kava. Tunamwaga ndoo mbili juu, tunapangusa, inang'aa. Mwingine anajitahidi zaidi, anaweka mashine kwenye ndoo kubwa, anaiwasha dakika mbili, anazima. Huyo ameosha mguu tu, ile sehemu ya chini inayoingia majini. Mashine nyingi zina termostati, kimlango kidogo ambacho hakifunguki mpaka mashine ipate joto. Kabla hakijafunguka, maji yako ya kisima hayapiti sawasawa kule juu kwenye silinda, na chumvi unayoitafuta ndiko iliko.

Kwa hiyo: pipa la lita 200 lililokatwa juu. Maji ya kisima au ya mvua, yafike juu ya lile bamba lililo juu ya propela. Propela vua kwanza, tafadhali, vua. Itakupiga maji yote nje, na mkono wa mtoto anayechungulia pipa hauoti tena. Washa, iache kwa mwendo wa chini kabisa dakika 10 mpaka 15. Angalia inakojoa, yaani maji yanachuruzika nje kwenye kitundu chake. Haikojoi? Zima hapo hapo. Baada ya dakika chache chovya kidole kwenye mkojo wake, onja kwa ncha ya ulimi, tema. Bado chumvi? Maji ya pipa yamekwisha kuwa ya bahari. Mwaga, jaza mengine, endelea. Ukionja ukasikia ladha ya kisima, umemaliza.

Najua mtu wa Jibondo ananiangalia kwa jicho. Maji ya kunywa kule yanatoka nje ya kisiwa, halafu mimi nasema mwaga pipa, jaza jingine. Lakini wako watu wa huko huko walionifundisha jambo. Mzee mmoja haoshi mashine yake siku anayoipandisha. Anaifunga kwenye jukwaa lake, anaikinga, anaweka bati limeinama kuelekea pipa, anangoja. Masika yanamjazia bure. Mvua ya usiku mmoja au miwili, pipa limejaa maji ambayo hayana chumvi hata kidogo, bora kuliko ya visima vyetu vya karibu na pwani. Nilimuuliza, "Mzee, huogopi kukaa na chumvi siku mbili tatu?" Akaniambia, "Imekaa nayo msimu mzima, ikingoja mvua mbili itakufa?" Mimi sina hoja ya kumpinga. Siku tatu si miezi mitano.

Haya, mafuta.

Mashine zetu nyingi hapa ni za stroku mbili, za nguvu farasi 15 na za 40, na tunachanganya oili na petroli wenyewe. Tuseme unachanganya 50 kwa 1. Maana yake kila lita ya petroli imebeba mililita 20 za oili. Petroli ina tabia ya kuruka, kugeuka mvuke. Ukiacha mafuta ndani ya kabureta, wiki kwa wiki petroli inaruka, oili haiendi popote. Inakaa chini, inachanganyika na ule utando wa petroli iliyochacha, inakuwa gundi. Na kile kitundu cha jeti ambamo mafuta yanapitia, wangapi mmekiona? Sindano ya kushonea ni nene kwake. Gundi kidogo tu, imekwisha. Mwezi wa kumi unasikia, "Fundi, inawaka ikiwa na choki, nikifungua gesi inakufa." Haikufa leo, mwanangu. Ilianza kufa mwezi wa tano.

Dawa yake haina gharama hata ya shilingi mia. Mashine ikiwa bado kwenye pipa, chomoa mpira wa mafuta, iache iunguze yaliyobaki mpaka izime yenyewe. Halafu chini ya kabureta kuna skrubu ya kutolea. Fungua, yaliyobaki yadondokee kwenye kikopo, funga. Yale ya tangini msiyaweke mpaka kaskazi. Mpe mwenye boti inayotoka bado, aje akulipe nyingine msimu ukifunguka. Msiyatie kwenye bodaboda, yana oili. Na naomba, kwa yule aliyenipeleka nyumbani kwake kunionyesha madumu yake chini ya kitanda wanapolala watoto, nisirudie kumweleza mbele za watu. Ameshanielewa.

Wenye stroku nne, ambazo oili yake haichanganywi na petroli, kwenu kuna la ziada: badilisheni oili ya injini sasa, kabla ya kuweka, si mwezi wa kumi. Oili iliyotumika ina asidi na majimaji ndani yake, na ikilala inalala na vyuma vyenu.

Sasa nije kwenye silinda, ambako ndiko "haigeuki" inakotoka. Ukishaunguza mafuta yote, kuta za silinda zimebaki kavu. Chuma kikavu, hewa ya masika, ringi za pistoni zimekaa mahali pamoja miezi mitano. Zinashikana kwa kutu. Mwenye mashine anakuja mwezi wa kumi, anavuta kamba, ngumu. Anamwita kijana mwenye nguvu, naye anavuta. Kamba inakatika au ringi inavunjika, ipi itatangulia ni bahati yake. Na ringi haiuzwi hapa. Uvuke mpaka Nyamisati, upande gari mpaka Dar, utafute, urudi. Potwe hawakungoji.

Kuzuia hilo kunahitaji oili ya stroku mbili, kijiko kimoja cha chakula kwa kila silinda. Vua plagi. Vua na ile kamba nyekundu ya usalama ili pasitoke cheche, maana mvuke wa petroli bado umo. Mimina kijiko, vuta kamba taratibu mara kadhaa ili oili ipake kuta zote, rudisha plagi kwa mkono mpaka zikae, kaza kidogo. Basi. Mwezi wa kumi ikiwaka itatoa moshi mwingi dakika za mwanzo. Usiogope, ni ile oili.

Na ukishafanya hivyo, muombe Mungu akuepushe na hamu ya kuiwasha. Naomba nilisemee hili, maana ni ugonjwa wetu. Yuko mwenye mashine mtaa fulani, simtaji, kila Ijumaa baada ya sala anaingia bandani, anavua turubai, anawasha mashine kavu, dakika moja, watu wanasikia, anazima. "Naipasha moto isilale." Wazee wangu, impela ya pampu ya maji ni ya mpira, na kinachoilainisha ni maji yenyewe yanayopita. Ukiiwasha kavu, mbawa zake zinasuguana na chuma bila kitu katikati. Sekunde chache zinatosha kuzianza, Ijumaa kumi zinazimaliza. Zaidi ya hapo anaikwangua ile oili tuliyoipaka. Msimu ukifunguka mashine yake ndiyo ya kwanza kuwaka ufukweni, na ya kwanza kurudi ikivutwa na mwenzake. Halafu lawama zinamwendea fundi!

Gia boksi. Hapa sitachelewa, ila msiiruke. Weka kopo chini, fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, oili itoke yote, na uitazame. Ikitoka nyeusi, imechoka, sawa. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na maji hayo yakilala humo yatakula beringi na meno ya gia mpaka kaskazi. Yameingia wapi? Mara nyingi kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji kwenye shafti ya propela, na mara nyingi kilichoikata ni mshipi. Tunavua kwa mishipi ya nailoni, vipande vinaelea, propela inavizungusha, vinajikaza nyuma yake mpaka vinaingia kwenye sili. Ndiyo maana nilisema vueni propela. Ukiivua, utazame nyuma yake: nimeona mshipi ulioyeyuka ukawa bangili ngumu nyeusi kuzunguka shafti, na mwenyewe hana habari. Kata, toa, badilisha sili sasa hivi wakati huna haraka. Oili mpya, namba 90 ya gia za boti, inaingizwa kwa chini mpaka itokeze tundu la juu. Unaziba la juu kwanza, ndipo unaondoa bomba na kuziba la chini. Ukimimina kwa juu unafungia hewa ndani, na utadhani imejaa.

Propela inaporudi, paka girisi kwenye meno ya shafti. Zile skrubu za kubania mashine kwenye boti, girisi. Niple zote, vile vitundu vya kupigia girisi, girisi mpaka ile ya zamani itoke. Zinki, kile kipande kinachowekwa kiliwe badala ya mashine, ikiwa imeliwa nusu, nunua nyingine, na msiipake rangi, jamani. Zinki iliyopakwa rangi hailiwi, na isipoliwa yenyewe italiwa mashine. Wenye betri, ing'oeni, itiwe chaji kila mwezi.

Nimefika kwenye jambo ambalo naliona kila mwaka hapa hapa ufukweni, na kila mwaka nanyamaza. Kubeba.

Mashine ya 40 inapita kilo 70. Inabebwa na vijana wawili, na hakuna anayetaka upande wa kichwa kwa sababu ndio mzito. Kwa hiyo mwenye nguvu kidogo anashika mkia, anauweka begani, mwenye nguvu nyingi anashika kichwa chini karibu na kiuno. Wanapanda mchanga, mbio mbio, mkia juu kichwa chini. Mmeshawaona? Nyinyi wenyewe ndio hao, msigeuke kutazama nyuma. Sasa fikirini. Ndani ya ule mguu kuna njia ya moshi, na njia hiyo imeshika maji ya bahari. Mkia ukiinuka juu ya kichwa, maji yanateremka. Yanateremka wapi? Njia ya moshi inaishia wapi? Kwenye silinda. Hujaosha bado, hujatia hata kijiko cha oili, na tayari katika hatua za kutoka majini mpaka mwembeni umemimina maji ya chumvi ndani ya silinda kwa mkono wako.

Ikitoka kwenye boti isimame wima kwanza mpaka iache kudondoka. Igeuzwe kamba mara mbili tatu, imwage yaliyobaki ndani ya pampu. Ndipo ibebwe, na kichwa kiwe juu ya mkia, mwendo wote. Stroku nne ina upande wake wa kulala, umechorwa kwenye mashine yenyewe. Ukiilaza upande mwingine oili inaingia isikotakiwa.

Bandani isimame. Mbao mbili na ubao wa kukatiza vinatosha kuwa jukwaa. Fundi wa kitanda atakutengenezea asubuhi moja. Usiilaze chini penye sakafu ya udongo, usiisimamishe juu ya propela. Na usiivishe nailoni. Najua tunafunga kwa nailoni ili vumbi lisiingie, tunakaza kwa kamba, tunaridhika. Unyevu uliofungiwa humo unatoka wapi? Asubuhi ukifungua unakuta matone kwa ndani. Shuka kuukuu la pamba, au gunia la katani, linapumua. Chini ziba kile kitundu cha mkojo kwa kitambaa, maana nyigu wa udongo wanakipenda sana, wanajenga humo nyumba ngumu. Ila acha kitambaa kining'inie kirefu, chekundu ikiwezekana, usije kukisahau. Panya nao wanakula waya. Mwenye paka, bandani ni kwake.

Mwezi wa kumi msiniite kwa ajili ya yale niliyoyasema leo. Niiteni tubadilishe impela na plagi, mafuta yawe mapya, tuiwashe ndani ya pipa kabla haijafika majini.

Nimesema mengi, na kusema si kuona. Pipa liko pale nyuma ya banda la fundi, mvua ya juzi imelijaza zaidi ya nusu, na oili ya kutosha mashine moja nimeleta mwenyewe. Nani ameshavua mashine yake? Mwenye ya 15 tuanze naye, ni nyepesi. Vijana, kailetini, kichwa juu.